Je, mnyama anayechinjwa bila kuzimishwa anaumia? Jibu kwa mama wa Antwerp

SWALI: Daktari wa mifugo, mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Kasongo, Maniema. Naishi Antwerp, Ubelgiji, na mume wangu na watoto. Hapa sheria inataka mnyama azimishwe, yaani apotezewe fahamu, kwa umeme kabla ya kuchinjwa. Wenzangu kazini wananiambia kuchinja kwetu ni ukatili, sayansi imeshathibitisha. Msikitini nasikia kinyume chake: sayansi imethibitisha mnyama wetu hasikii uchungu, na nyama ya umeme ni kibudu. Nani anasema kweli? Na Idi ya kuchinja ikifika, ni afadhali nitume pesa Kasongo wanichinjie huko?

JIBU: Nianze na hoja ya msikitini, mama, kwa sababu naijua ilikotoka. Mwaka 1978 Profesa Wilhelm Schulze na wenzake wa Hannover, Ujerumani, waliwaweka kondoo na ndama vipimo vya umeme wa ubongo. Baadhi wakawachinja kwa kisu bila kuwazimisha, wengine wakawapiga kwanza bastola ya kichwani, ile ya chuma kinachochomoka, kikatoboa fuvu na kurudi ndani. Kwa vipimo vyao, kisu kikali hakikuacha alama ya maumivu kwenye mchoro wa ubongo na kondoo walipoteza fahamu upesi, ilhali waliopigwa bastola ndio walioonekana kuumia. Tangu hapo utafiti huo umefupishwa na kusambazwa kwenye vipeperushi, na siku hizi kwenye WhatsApp, mara nyingi bila mwaka wala jina la aliyeufanya. Kisichosambazwa ni kwamba Schulze mwenyewe alitahadharisha kuwa huenda bastola ile haikufanya kazi yake sawasawa. Ulinganisho wenyewe, basi, ulikuwa na kasoro kwa kauli ya mwenye utafiti.

Miaka thelathini baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walirudia swali lile kwa njia bora zaidi. Waliwapa ndama dawa ya usingizi mwepesi, kiasi kwamba mnyama mwenyewe hasikii kitu lakini ubongo wake bado unajibu kinachotendeka mwilini. Kisha wakakata shingo. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 yalionyesha ubongo ukijibu jeraha lile kwa namna ileile unavyojibu maumivu mengine. Walipompiga ndama bastola sekunde 5 baada ya kisu kupita, jibu lile likakatika.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kisu hakiumi. Najua hoja ya wembe: mtu hujikata kwa wembe mpya asijue mpaka aone damu. Lakini mkato wa shingo unapita ngozi, misuli, koo la pumzi, koo la chakula, mishipa minne mikubwa na neva zake, na kingo za jeraha la upana huo zinaendelea kupanuka na kugusana. Wembe ni mfano mzuri wa kuonyesha kwa nini kisu kinolewe. Hauthibitishi zaidi ya hapo.

Swali la maana kwangu ni muda: tangu kisu kipite mpaka fahamu zimtoke mnyama, zinapita sekunde ngapi? Hapo ndipo wale wanaosema "mnyama" kana kwamba wanyama wote ni mmoja wanaponichosha, wawe wa kazini kwako au wa msikitini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilikusanya tafiti zilizokuwepo mwaka 2004 ikasema: kondoo, hadi sekunde 20, ng'ombe, hadi dakika 2, kuku, hadi dakika mbili na nusu au zaidi. Hivyo ni viwango vya juu. Mnyama mmojammoja anaweza kuzimika mapema sana kuliko hapo. Lakini tazama pengo kati ya kondoo na ng'ombe.

Pengo hilo lina sababu ndani ya shingo. Ubongo wa kondoo na mbuzi unategemea damu ya ile mishipa miwili mikubwa ya mbele ya shingo, ambayo kisu huikata. Ikishakatika, ubongo haupati damu na mbuzi anakwenda. Ng'ombe ana njia ya ziada: mishipa inayopita ndani ya mifupa ya uti wa shingo, nyuma kabisa, ambako kisu cha kuchinjia hakifiki wala hakitakiwi kufika. Hiyo inaendelea kupeleka damu kichwani wakati ya mbele inamwaga sakafuni. Juu ya hilo kuna tatizo ambalo wachinjaji wengi wameliona bila kulijua jina: ncha ya mshipa uliokatwa inajivuta ndani ya nyama, inavimba na kuziba, na damu iliyokuwa ikiruka inapungua ghafla. Ng'ombe wa namna hiyo ndiye anayejaribu kusimama tena. Profesa Neville Gregory wa Uingereza alifuatilia ng'ombe 174 waliochinjwa kihalali bila kuzimishwa, akachapisha matokeo mwaka 2010: kwa wastani walianguka moja kwa moja baada ya sekunde 20, lakini asilimia 8 walichukua sekunde 60 au zaidi. Asilimia 8 ni kama mmoja katika kila kumi na wawili. Kwa machinjio yanayochinja ng'ombe mia kwa usiku, ni wanane.

Utajuaje kwamba fahamu zimemtoka? Watu hutazama miguu, na miguu inadanganya. Mnyama ambaye ubongo wake umeshazimika hurusha miguu kwa nguvu kwa sababu uti wa mgongo unafanya kazi peke yake. Anayeona anasema "tazama anavyoteseka" ilhali hakuna tena wa kuteseka. Kinyume chake, ng'ombe aliyelala kimya anaweza kuwa bado yupo. Sisi wakaguzi tunainama kichwani. Unagusa jicho lenyewe, juu ya mboni, kwa ncha ya kidole, taratibu. Kope ikijibu, hajamaliza. Hapo hakuna kuchuna, hakuna kuning'iniza, hakuna kukata kwato. Kisha unatazama mbavu kama zinapanda na kushuka kwa mpangilio. Mkoromo mmojammoja uliopishana ni wa mwisho, lakini pumzi yenye mpangilio ni ya aliye hai. Nimeona mara nyingi vijana wanaanza kuchuna mguu wa nyuma huku kope bado inapepesa, na wanakimbizwa hivyo si kwa sababu ya dini wala sayansi, ni kwa sababu magari ya mabucha yanapiga honi nje.

Sasa wenzako wa kazini. Kuzimisha kukifanyika vizuri kunampa mnyama kifo chepesi kuliko kisu peke yake, hasa ng'ombe. Hilo nalisema wazi na wengi wa taaluma yangu wanalisema. Ila wao hula nini? Nguruwe wengi wa viwanda vya Ulaya huzimishwa kwa kushushwa kwenye shimo lenye gesi ya kaboni dioksidi, gesi inayochoma pua na koo na kumpa mnyama hisia ya kukosa pumzi kabla hajazimika. EFSA yenyewe imeikosoa kwa miaka mingi na bado inatumika kwa sababu ni rahisi kwa kiwanda kikubwa. Kuku huning'inizwa miguu juu kichwa chini wakiwa na fahamu zao zote, ndipo kichwa kitumbukizwe kwenye maji yenye umeme. Anayeinua kichwa au kupiga mabawa hukosa maji na kufika kwenye kisu akiwa macho. Bastola nayo ikipiga pembeni kidogo, inabidi ng'ombe apigwe mara ya pili. Haya yote yanaruhusiwa na sheria ileile inayokukataza wewe. Usiwatupie kama tusi, maana ubaya wa shimo la gesi haumpunguzii ng'ombe wako sekunde hata moja. Lakini mtu anayejadili ustawi wa wanyama kwa kutazama nyama ya Waislamu na Wayahudi tu, hajaanza kuujadili.

Kuhusu sheria, uijue vizuri maana inakugusa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1099 ya mwaka 2009 inataka mnyama azimishwe kabla ya kuchinjwa, ikiacha nafasi kwa uchinjaji wa kidini ndani ya machinjio yaliyosajiliwa, na ikiruhusu nchi kuweka masharti makali zaidi. Jimbo lenu la Flanders liliitumia ruhusa hiyo: kuanzia tarehe 1 Januari 2019 uchinjaji bila kuzimisha ulikoma, na kwa uchinjaji wa kidini ikatakiwa njia ya kuzimisha isiyoua, ambayo mnyama angeweza kuzinduka nayo. Wallonia, jimbo la kusini, ikafuata Septemba mwaka huohuo. Brussels ilipiga kura bungeni Juni 2022 na kukataa katazo, kwa hiyo ndani ya nchi moja ndogo, safari ya treni isiyofika saa nzima inakutoa kwenye katazo na kukufikisha kwenye ruhusa.

Jumuiya za Wayahudi na Waislamu zilikwenda mahakamani. Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, iliamua tarehe 17 Desemba 2020 kwamba Flanders ina haki ya kuweka sharti hilo, ikisema kwamba halifuti ibada bali linagusa kipengele kimoja chake, na kwamba nyama iliyochinjwa bila kuzimisha haizuiwi kuingizwa kutoka kwingine. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg nayo tarehe 13 Februari 2024 ikasema kwa kauli moja kwamba uhuru wa dini haukuvunjwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuamua, katika kesi ya uhuru wa dini, kwamba kuwalinda wanyama kunaweza kuingia katika kulinda maadili ya jamii.

Walalamikaji wa Luxembourg walikuwa wameuliza jambo ambalo nami nauliza: mbona uwindaji umeachwa? Jibu la mahakama lilikuwa kwamba michezo ya kimila hutoa nyama kidogo isiyo na uzito kiuchumi, na kwamba uwindaji hauwezi kufanywa kwa mnyama aliyekwisha kuzimishwa. Kama daktari wa mifugo jibu hilo halinitoshi. Paa aliyejeruhiwa kwa risasi akakimbilia kichakani hajui kwamba mahakama imemweka kando na ng'ombe.

Na kuna sababu ya watu kushuku nia. Uswisi iliweka katazo la kuchinja bila kuzimisha kwenye katiba yake kwa kura ya wananchi mwaka 1893, na chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa sehemu kubwa ya kampeni ile. Ujerumani ya Hitler ilipitisha sheria ya namna hiyo Aprili 1933, hata miezi mitatu haijatimia tangu ashike madaraka. Myahudi wa Antwerp aliyesikia habari hizo kwa babu yake hawezi kusoma sheria ya 2019 kwa macho makavu. Haimaanishi kila anayetaka kuzimisha ana chuki. Wengi wa madaktari wanaolitaka jambo hili nawafahamu kwa maandishi yao na hoja yao ni mnyama. Inamaanisha tu kwamba katika siasa za Ulaya hoja ya mnyama ina marafiki ambao isingewachagua.

Nije kwenye kibudu, na hapa mimi si shehe, nakueleza jinsi wanavyuoni walivyoliweka na upande gani wa jambo ni wa kitaalamu. Aya ya 3 ya Suratul Maida inaharamisha mzoga, na inamtaja kwa jina mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Msingi ni kwamba kisu ndicho kiue, mnyama akiwa hai. Kwa hiyo swali la fiqhi, yaani la sheria ya dini, linageuka kuwa swali ninaloweza kulijibu kwa vipimo: je, aliyepigwa umeme bado yu hai kisu kinapomfika?

Kwa umeme wa kichwani peke yake, ndiyo. Vyuma viwili vinashikwa pande mbili za kichwa cha kondoo, umeme unapita kwenye ubongo kwa sekunde chache, mnyama anaingia katika degedege na kupoteza fahamu, lakini moyo unaendelea kupiga. Asipochinjwa, baada ya muda usiofika dakika kadhaa anazinduka, anasimama na kurudi kula majani. Wapo wachinjaji wa Kiislamu waliokubali njia hii baada tu ya kuonyeshwa kondoo wa namna hiyo akisimama mbele ya macho yao, na nadhani walikuwa na haki kudai kuonyeshwa. Umeme unaopitishwa kichwa hadi mgongoni ni jambo jingine: huo husimamisha moyo. Bastola inayotoboa fuvu nayo ni jambo jingine, kwani mnyama hawezi kupona.

Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah lilitoa uamuzi mwaka 1997 unaofuata mpaka huohuo. Lilisema asili ni kuchinja bila kuzimisha. Likaruhusu umeme kwa masharti, tena likataja kiasi cha umeme na sekunde. Likakataza bastola, shoka na nyundo. Na kwa kuku likakataza umeme, kwa sababu imeonekana wengi hufa kabla ya kisu. Uamuzi huo uliandikwa na watu waliokaa na mafundi. New Zealand inazimisha kwa umeme wa kichwani wanyama wake wa halali, na nyama hiyo huuzwa katika nchi za Waislamu. Uingereza, ambako sheria haimlazimishi mchinjaji wa halali kuzimisha, wanyama walio wengi wa halali huzimishwa hata hivyo. Malaysia nayo inaruhusu kwa masharti. Kwa hiyo anayekuambia kila nyama ya umeme ni kibudu anakupa rai ya baadhi ya wanavyuoni kana kwamba ndiyo ya wote. Ana haki ya kuishikilia kwa tahadhari ya dini yake. Hana haki ya kukuambia ndiyo rai pekee iliyopo.

Jirani yako Myahudi hana nafasi hiyo. Katika sheria yao mnyama lazima awe mzima bila dosari kisu kinapomgusa, na wengi wa marabi wa Orthodox wanahesabu kuzimisha kabla kuwa dosari. Kisu chao hakiruhusiwi hata pengo dogo la kuhisiwa kwa ukucha. Mchinjaji hukipitisha kwenye ukucha wake kabla na baada ya kila mnyama, na pengo likipatikana baadaye nyama haihesabiwi tena kuwa kosher, yaani halali kwao. Hakuna kusimama katikati ya mkato, hakuna kukandamiza. Nikiwatazama kwa jicho la kazi yangu tu, katika suala la kisu wametuzidi mbali, na natamani wachinjaji wetu wangeliiga hilo. Kwetu kisu kimoja kinashushwa shingo baada ya shingo mpaka kinakataa, ndipo mtu atafute jiwe.

Kuna njia ya kati ambayo haisemwi sana: kisu kwanza, kisha kuzimisha mara moja, ndani ya sekunde chache. Ibada imekamilika kwa kisu, na zile sekunde 60 za ng'ombe wanaochelewa kuzimika zinafutwa. Kwa ng'ombe, hii ndiyo ningeichagua mimi kama ningepewa kalamu ya kuandika sheria. Kwa mbuzi na kondoo aliyeshikwa vizuri na mtu anayejua kazi, sioni ushahidi wa kutosha kupiga marufuku.

Pia kuna ushauri wa kukata juu zaidi, karibu na taya, ambako mishipa haivimbi na kuziba kama inavyofanya chini, Gregory aliupima. Ila unagongana na jambo ambalo wanafunzi wa madrasa za pwani wanalijua: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kisu kikipita juu ya kikoromeo chote kikabaki upande wa kiwiliwili, koo la pumzi halijakatwa na mnyama si halali. Nafasi ya kupita kisu, basi, ni vidole vichache tu. Mtaalamu anayekuja machinjioni na mchoro wake bila kujua hilo atasikilizwa kwa heshima na kupuuzwa alasiri hiyohiyo.

Yote hayo, mama, ni kuhusu dakika moja au mbili. Maumivu mengi niliyoyaona mimi yalikuwa kabla ya hapo. Temple Grandin, Mmarekani aliyebuni mifumo mingi ya machinjio, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba katika uchinjaji wa kidini namna ya kumbana mnyama ndiyo inayoharibu au kuokoa mambo, na ukaguzi wowote wa machinjio utakuonyesha hivyo. Chukua ng'ombe wa Kanda ya Ziwa, kwetu Tanzania, anayeletwa kwa lori hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kalala njiani chini ya wenzake, mkia umepindwapindwa ili ainuke, maji hakupata. Usiku anafikishwa machinjioni. Katika machinjio mengi yasiyo na boksi la chuma la kumbania, inafungwa kamba ya pembe na kamba ya miguu, vijana wanne wanavuta kwa pamoja, anaanguka ubavu juu ya saruji yenye damu ya wenzake, mwingine anakalia shingo, kichwa kinapindwa nyuma. Wanaofuata wamefungwa hatua chache tu, wanaona na kunusa. Mahali pengine wanamchoma kisu cha kisogo kwanza ili atulie. Hilo ni baya kuliko yote. Kisu cha kisogo kinaukata uti wa mgongo, mwili unapooza, lakini ubongo uko macho. Yule ng'ombe unayeona ametulia anasikia kila kitu na hawezi kujitikisa.

Linganisha na hadithi ya Shaddad bin Aus katika Sahih Muslim, ambayo kila mchinjaji anaijua kwa moyo: mkichinja chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Na iko riwaya ya Mtume kumkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu huku mnyama akimtazama. Kwetu mjadala wa kuchinja ulipowaka, mwaka 2013 huko Mwanza na Geita, ulikuwa juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa, Mwislamu au Mkristo, hata mchungaji mmoja akauawa Buseresere. Namna mnyama alivyoshikwa haikuwa hoja ya upande wowote.

Kwa hiyo kazini waambie hivi, kama unataka kujibu: kwa ng'ombe mna hoja, kwa mbuzi hoja yenu ni ndogo, na shimo la gesi la nguruwe wenu nalo lina hoja. Kwa mwenye bucha, uliza mambo anayoweza kuyajibu. Kondoo huyu alizimishwa kwa umeme wa kichwani tu, au hadi mgongoni? Nani anatoa cheti cha halali, na msimamo wake kuhusu kuzimisha ni upi? Kama anaagiza nyama isiyozimishwa kutoka Brussels, sheria ya Flanders haikukatazi kuinunua. Asiyeweza kukujibu hata moja anakuuzia kibandiko. Kuku uliza kwa makini zaidi, maana ndiko hata walioruhusu umeme walikosita.

Kuhusu Idi: kumwakilisha mtu akuchinjie mbali ni jambo ambalo wanavyuoni wengi wanaliruhusu, na shehe wako atakupa masharti yake. Pesa yako Kasongo italisha watu wengi zaidi kuliko Antwerp, hiyo peke yake ni sababu nzuri. Ila usidhani mnyama wa huko atakufa vizuri zaidi kwa kuwa hakuna umeme. Itategemea mkono wa mtu mmoja, na huyo unaweza kuzungumza naye kwa simu kabla ya siku yenyewe. Mwambie unataka mbuzi, si fungu la ng'ombe. Anunuliwe siku mbili kabla, apewe maji, alale karibu na nyumba. Kisu kinolewe jana yake, kiwe kirefu mara mbili ya upana wa shingo ya mbuzi huyo, na kisioneshwe. Asichinjwe mbele ya mwenzake. Alazwe na watu wawili kwa mikono, bila kumtupa, akate kwa mkupuo bila kuinua kisu, kisha waache mpaka jicho lisijibu kidole ndipo waanze kuchuna. Ongeza kidogo juu ya bei kwa ajili ya mchinjaji, kwa sababu anayelipwa kwa idadi ya vichwa hana muda wa kugusa jicho.